Tumbo si mfuko: usimfidie mama milo iliyopita

Dada, acha hapo hapo. Umeandika kwamba mgonjwa wako analishwa kwa mpira wa puani na wewe unarudi kutoka kazini saa 2 usiku, kwa hiyo mlo wa saa 9 alasiri na wa saa 12 jioni utaunganisha na ule wa saa 3 usiku, usukume na bomba la sindano uishe haraka. Nimesoma tumbo likanikata. Ndicho nilichofanya mimi, na nikakaa wodini siku 11 namtazama mama anapumulia oksijeni.

Mama alipigwa na kiharusi, kumeza kukagoma, tukapewa ruhusa akiwa na mpira puani. Ratiba ilikuwa kama yako: mililita 250 kila baada ya saa 3, milo 6 kwa siku. Nesi alinielekeza amesimama mlangoni, kakumbatia faili la mgonjwa mwingine: "Mpe kila masaa matatu, maji kidogo, karibu tena." Karibu tena, hospitali! Yeye simlaumu sana, wodi ilifurika. Ninayemlaumu ni yule wa duka la dawa aliyeniuzia bomba la mililita 60. Nikamuuliza, mlo ukinipita nafanyaje? Akajibu macho yakiwa kwenye simu yake: "Fidia tu, tumbo ni mfuko." Mfuko gani mdomo wake uko jirani na mapafu?

Siku yenyewe foleni ya Mbagala ikanikalia, na dada wa kazi alikuwa anaogopa hata kuugusa ule mpira. Nafika saa 4 usiku, milo mitatu haijaingia. Nikakoroga 750 zote. Navuta, nasukuma, navuta, nasukuma, kama mtoto anayejaza upepo baiskeli ya kukodi. Dakika 8 kazi imekwisha, nikajiona bingwa. Mama kachoka, nikamlaza chali, nikazima taa.

Saa 8 usiku nasikia koo linatokota kama chungu cha maharage. Nawasha taa, uji uko kwenye mto, umetokea mdomoni. Na hakukohoa hata mara moja! Mwenye kiharusi anaweza kupaliwa kimya kimya, hilo hakuna aliyeniambia. Asubuhi homa, pumzi za juu juu, eksirei, nimonia. Bili iliondoka na pikipiki yangu. Siku hizi natembea kwa miguu, shemeji zangu wanasema nimependeza.

Sasa sikia: mlo uliopita umepita. Haufidiwi. Unampa unaofuata, kiasi kile kile. Kama anachomwa insulini na mlo umeruka, piga simu hospitali kabla ya kuchoma. Na kama kazi hairuhusu, rudi kwa mtu wa lishe akupangie saa upya, usijipangie mwenyewe kama mimi. Au mfundishe mtu hapo nyumbani. Wangu alijua kwa siku mbili, na sasa ananikosoa mimi.

Kile kijiti cha kusukumia ndani ya bomba kichomoe, weka kando. Bomba lichomeke kwenye mpira liwe kama faneli, mimina, uji ushuke wenyewe. Ukiinua unakwenda mbio, ukishusha unapunguza mwendo. Mimi nalishika urefu wa rula moja juu ya tumbo lake, na 250 haziishi chini ya dakika 20. Mkono unauma, ndiyo, weka redio. Akikohoa, akitoka jasho au tumbo likivimba, bana mpira, acha kumpa.

Kifua kiwe kimeinuka kwa mito, nusu kukaa, tangu kabla hujaanza hadi saa nzima baada ya kumaliza. Halafu kila mara angalia ile alama ya kalamu kwenye mpira pale puani. Ikihama, hata maji usimpe, mpeleke wakauangalie. Ikiwa mahali pake, maji mililita 30 kabla na 30 baada.

Uliuliza na uji wa soya: chuja mara mbili kwa chujio la chai, la sivyo mpira utaziba.

Leo ukifika, ikigonga saa 3 mpe 250 zake. Zile 500 kunywa wewe.