Pete yenye kipenyo cha mita 12 haitoshi: kabla ya kuchora chombo kinachozunguka, anza na nusu kipenyo

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia sasa, swali lako ni hili: unaandika hadithi ya safari ya Mirihi. Chombo chako ni kirefu na chembamba, kina kinu cha nyuklia unachotaka kiwe mbali na watu, na katikati kina pete yenye kipenyo cha mita 12 inayozunguka peke yake huku sehemu nyingine zimetulia. Watu 6 wanaishi ndani ya pete hiyo wakiwa na uzito ule ule wa duniani. Unauliza kama msomaji anayejua fizikia atakubali.

Hatakubali, na kinachomkatalia ni hizo mita 12. Nimechora vyombo vya namna hii kwenye kompyuta kwa muda mrefu, vya hadithi zangu na vya waandishi wengine, na karibu kila mchoro ninaoletewa una ugonjwa huo huo: chombo kimechorwa chote, kisha pete ikavishwa juu yake kama pambo. Kinyume chake ndicho kinachofanya kazi. Ukishaamua kwamba watu wako watasimama sakafuni kwa kuzungushwa, mzunguko ndio unaopanga mahali pa injini, matangi, milango, hata vitanda.

Kwanza hesabu, maana ni fupi. Mtu aliye ndani ya pete anataka kwenda moja kwa moja, sakafu inamkatalia na kumpindisha njia, na yeye anahisi sakafu ikimsukuma miguuni. Msukumo huo unategemea umbali wake kutoka kwenye mhimili, yaani mstari wa katikati ya mzunguko, na kasi ya mzunguko. Umbali ukiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara mbili. Kasi ya mzunguko ikiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nne. Kwa uzito kamili wa duniani, mizunguko 2 kwa dakika inadai nusu kipenyo cha mita 224 hivi. Mizunguko 4 inadai mita 56. Mzunguko 1 kwa dakika unakupeleka karibu mita 900. Pete yako, yenye nusu kipenyo cha mita 6, lazima izunguke zaidi ya mara 12 kila dakika.

Kuzungusha chuma mara 12 kwa dakika si kazi ngumu. Anayeshindwa ni binadamu aliye ndani. Miaka ya 1960 Ashton Graybiel na wenzake wa jeshi la wanamaji la Marekani, kule Pensacola, waliwaweka watu kwenye chumba kinachozunguka polepole, wengine kwa siku kadhaa mfululizo. Kwenye mzunguko 1 kwa dakika hata walio wepesi wa kupata kichefuchefu walikuwa salama. Kwenye 3 walianza kuona dalili lakini kazi ziliendelea. Kwenye 5 na kidogo, ni wale wagumu tu waliofanya kazi vizuri. Kwenye 10, hata kuzoea kwenyewe kulikuwa mtihani.

Ukitaka kujua kwa nini, panda bembea ya kuzunguka ya watoto. Mimi nilifanya hivyo nikiwa na rafiki wa kuisukuma kwa mwendo usiobadilika, mzunguko mmoja kwa sekunde 5 hivi, ambao ndio mwendo wa pete yako. Nilifumba macho nikakaa kimya mpaka mwili ukasahau kwamba unazunguka. Kisha nikalaza kichwa kuelekea bega. Mara moja nilihisi napinduka kifudifudi, kabisa, mikono ikakamata chuma yenyewe, na ilhali kiwiliwili hakijasogea hata kidogo. Sikio la ndani linasoma mizunguko miwili kwa wakati mmoja, ule wa chombo na ule wa kichwa, na linaupa ubongo wa tatu ambao haupo. Sasa mpe mhusika wako hali hiyo kila anapogeuka kumjibu mwenzake, kwa miezi 6 hadi 9 ya safari.

Kuna mengine ambayo macho yangeyaona. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kuonyesha kitu kinachoanguka ndani ya pete kama anavyokiona mtu aliyesimama humo, na kwenye pete ya mita 6 matokeo yake yanashangaza. Mpira ukiachiwa kutoka urefu wa mita 1.5 hautui chini ya mkono wako. Unaangukia karibu mita 1 pembeni, upande ule ambao sakafu inatokea. Maji yakimiminwa kutoka sentimita 30 juu ya kikombe yanakikosa kikombe kwa sentimita 7 hivi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kasi ya mzunguko haimo kabisa katika hesabu hiyo. Ukipunguza mzunguko, mpira unaanguka polepole zaidi, na sakafu nayo inasogea polepole zaidi, kwa hiyo unatua pale pale. Dawa yake ni nusu kipenyo peke yake. Ukifika mita 56, ule mpira unakosea kwa sentimita 24. Kwenye mita 224 unakosea kwa sentimita 12, na watu watazoea.

Kutembea nako. Ukingo wa pete yako unakwenda mita 7.7 kwa sekunde. Mtu akitembea kawaida tu kufuata mzunguko, kasi yake inajumlishwa na uzito wake unapanda kwa asilimia 40. Akigeuka na kurudi, anapoteza theluthi moja ya uzito. Kichwa chake, kwa kuwa kiko karibu zaidi na mhimili, kinapata asilimia 70 tu ya uzito unaopata miguu. Tena usimwekee sakafu bapa: chumba chenye upana wa mita 6 kufuata mzunguko kitakuwa na kilele katikati na miteremko ya nyuzi 27 kwenye kuta, kwa sababu pembe za chumba ziko mbali zaidi na mhimili, na kilicho mbali na mhimili ndicho kilicho chini. Sakafu lazima ijikunje kufuata duara.

Sasa hilo la pete kuzunguka huku mwili umetulia. Najua linavutia machoni, na ndilo ninalolipinga kwa nguvu zote. Beringi kubwa inawezekana. Kinachouma ni mlango: watu wanapita kutoka sehemu tulivu kuingia sehemu inayozunguka, ndani kuna hewa, nje ni utupu, na kati yake kuna sili, yaani kizibo cha kuzuia hewa isitoke, inayosuguana usiku na mchana. Kwa kasi ya pete yako, miezi 7 ni zaidi ya mizunguko milioni 3, bila fundi wa karibu. Msuguano huo huo unauburuta mwili uliotulia, nao unaanza kuzunguka taratibu, kwa hiyo lazima injini ndogo za pembeni ziurudishe kila mara au uweke pete ya pili inayozunguka kinyume. Bila pete ya pili kuna tatizo jingine: pete ina momenta yake ya mzunguko, yaani inang'ang'ania kuendelea kuzunguka vile vile, na ukijaribu kukigeuza chombo upande mmoja, pua inakwepa kuelekea upande mwingine. Mwanafizikia wa Marekani Gerard O'Neill aliliona hilo mapema. Makazi yake makubwa ya silinda, aliyoyaeleza miaka ya 1970, yalipangwa mawili mawili yakizunguka kinyume.

Wengine hukimbilia kusema basi nizungushe silinda yote ndefu kwenye mhimili wake mrefu. Hapo kuna mtego ambao chombo halisi kiliuingia. Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya Marekani, ilirushwa tarehe 31 Januari 1958 ikiwa na umbo la penseli, ikizungushwa kwa urefu wake. Antena zake laini zilikuwa zikipindapinda na kula nishati ya mzunguko, na haikuchukua muda ikaanza kuzunguka kwa kupinduka ncha kwa ncha. Kitu chochote kinachozunguka huku kikipoteza nishati ndani yake huishia kwenye mzunguko ule ambao tungamo lake limesambaa mbali zaidi na mhimili. Chombo chenye watu wanaotembea, maji yanayochezacheza kwenye matangi na mafuta yanayopungua kinapoteza nishati muda wote. Gurudumu bapa liko salama. Fimbo inayopinduka ncha kwa ncha iko salama. Penseli inayojisokota haiko salama, labda uilinde kwa injini na kompyuta safari nzima.

Kwa hiyo, mkuu, pendekezo langu: ondoa pete, zungusha chombo chote ncha kwa ncha. Tayari umesema kina kinu cha nyuklia na kwamba unataka kiwe mbali na watu. Vizuri sana, kinu na matangi ndiyo uzito wako wa kusawazisha. Weka makazi ncha moja, kinu ncha nyingine, katikati kiunganishi chepesi cha vyuma au kebo. Kama upande wa kinu una uzito mara 3 ya makazi, makazi yatakaa mita 224 kutoka kwenye kitovu cha uzito na kinu mita 75 upande wa pili. Jumla ni mita 300 hivi, mizunguko 2 kwa dakika, uzito kamili wa duniani, na umbali huo huo unawakinga watu na mionzi ya kinu. Hakuna beringi ya kupitisha watu, hakuna sili.

Tena unapata kitu kizuri cha kusimulia. Uzito wa Mirihi ni asilimia 38 ya ule wa duniani. Wahusika wako wanaweza kuondoka kwa mizunguko 2, kisha wiki kwa wiki wakapunguza mpaka 1.2 hivi, wakafika miili ikiwa imeshazoea kule wanakokwenda. Wakirudi wanapandisha. Kwa wanaanga halisi, wanaoelea tu, mifupa ya nyonga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi bila mazoezi ya kutosha, ndiyo maana kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga hutengewa saa 2 na zaidi za mazoezi kila siku. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini safari yako inazungushwa.

Injini sasa. Wakati wa kuwasha injini kubwa, simamisha mzunguko. Gharama yake ni ndogo: makazi yanakwenda mita 47 kwa sekunde, wakati kuondoka kwenye mzingo wa Dunia kuelekea Mirihi kunadai zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde. Ila angalia mwelekeo. Kama injini iko upande wa kinu na inasukuma kwa urefu wa chombo, watu wanavutwa kuelekea kwenye injini, na wakati wa mzunguko walikuwa wanavutwa mbali nayo. Yaani dari inakuwa sakafu. Kila kilichosahaulika mezani kinapaa kwenda darini, na viti lazima vigeuke. Tukio hilo usiliache, liandike polepole.

Kwenye vyumba vya ndani, weka korido ndefu sambamba na mhimili wa mzunguko, maana anayetembea kuelekea huko hasukumwi pembeni wala uzito haubadiliki. Vitanda navyo vilale hivyo hivyo; mtu akijigeuza usingizini hatapata kizunguzungu. Meza za kazi zigeuzwe ili anayekaa atazame upande wa mzunguko au kinyume chake, hapo kuinua na kuinamisha kichwa hakumsumbui, ila vidude vya kutazama usiviweke kushoto na kulia kabisa. Lifti ya kwenda katikati ikipanda mita 3 kwa sekunde itamwegemeza abiria ukutani kwa karibu asilimia 13 ya uzito wake, kwa hiyo mpe pa kushika. Chombo kidogo cha wageni kitie nanga kwenye kitovu, kikiwa kimeshaanza kuzunguka kwa mwendo ule ule.

Utaniuliza antena na paneli za sola zitaelekeaje mahali pamoja. Hivyo ndivyo vya kuwekewa beringi, kwa sababu havina hewa wala watu. Chombo cha uchunguzi cha Galileo, kilichorushwa 1989 kwenda Mshtarii, kilikuwa na sehemu inayozunguka na nyingine isiyozunguka, na satelaiti za mawasiliano zilikuwa zimeshafanya hivyo tangu miaka ya 1960.

Kwa watu wenyewe, historia ni fupi. Mhandisi wa roketi Wernher von Braun alichora gurudumu lenye kipenyo cha mita 76 mwaka 1952, lizunguke mara 3 kwa dakika kwa theluthi moja ya uzito hivi, na wasomi waliokutana Stanford mwaka 1975 wakachora pete yenye kipenyo cha kilomita 1.8 ya watu 10,000, mzunguko 1 kwa dakika. Michoro yote hiyo ilibaki kwenye karatasi. Kilichofanyika kweli ni safari ya Gemini 11 ya Marekani, Septemba 1966: wanaanga Conrad na Gordon walikifunga chombo chao na roketi ya Agena isiyo na watu kwa mkanda wa mita 30, wakavizungusha vyote viwili. Uzito ulikuwa mdogo mno hata wao hawakuuhisi, lakini kitu kilichoachiwa kiliteleza chenyewe kuelekea nyuma ya chumba. Umbo lao ndilo hili ninalokupa, vitu viwili na kiunganishi kati yao.

Nipe tani za makazi, za kinu, na za mafuta wakati wa kuondoka na wakati wa kufika. Mafuta yakipungua, kitovu cha uzito kinahama kuelekea kwenye makazi na nusu kipenyo chako kinapungua, kwa hiyo kabla hujachora chochote tuone kama mita 300 zinatosha au kebo iwe ya kurefushwa.