Kwa nini mzuka wa kompyuta bado unahitaji taa ya kweli

SWALI: Habari za kazi, kaka. Natengeneza filamu fupi za vichekesho na sasa nina hadithi yenye mzuka. Nimeangalia picha za nyuma ya pazia za Ghostbusters ya 2016, ile filamu ya vichekesho ya wawindaji wa mizuka iliyoanzisha upya mfululizo, nikaona waigizaji wa mizuka wamevalishwa taa, na hata silaha za wawindaji zina taa kwenye ncha. Kama mzuka na miale vyote vinakuja kutengenezwa kwenye kompyuta, hizo taa ni za nini? Na mbona mizuka ya ile ya kwanza ya 1984, pamoja na uzee wake, inaniingia kuliko mingi ya siku hizi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hizo taa ziliwekwa kwa ajili ya watu walio hai. Mzuka wa kompyuta unaweza kung'aa utakavyo, lakini hauwezi kumulika kitu chochote kilichosimama mbele ya kamera siku ya kurekodi, kwa sababu siku hiyo haukuwepo. Shavu la mwigizaji, jasho la paji la uso wake, ukuta ulio nyuma yake, kitasa cha mlango: vyote hivyo ama vimulikwe siku hiyohiyo, ama mtu akae kwenye kompyuta baadaye avipake mwanga kimoja kimoja. Na huko kupaka baadaye ndiko kunakoua kazi.

Chukua mzuka wa samawati unaopita mbele ya mwigizaji kutoka kushoto kwenda kulia, umbali wa mita moja hivi. Tazama pua yake tu. Mzuka ukiwa kushoto, kivuli cha pua kimelala kwenye shavu la kulia, kirefu. Unavyosogea, kivuli kinajikunja, kinapotea kabisa mzuka ukiwa usoni pake, halafu kinachipuka upande wa pili na kuanza kurefuka tena. Wakati huohuo kile kinukta cha mwanga ndani ya mboni kinateleza kufuata mzuka. Na mwanga wenyewe haupandi na kushuka polepole: umbali ukiongezeka mara mbili, kutoka mita moja hadi mbili, mwanga unaofika usoni unabaki robo. Yote hayo yanatokea ndani ya sekunde moja, yaani fremu 24, zile picha moja moja zinazounda filamu.

Kuyaiga hayo kwenye kompyuta inabidi utengeneze umbo la kichwa cha mwigizaji, ulinatishe kwenye kichwa chake halisi fremu kwa fremu, ulimulike, kisha uuhamishie mwanga huo kwenye ngozi yake. Ngozi nayo ni msumbufu. Haiakisi mwanga kama ukuta. Inaumeza kidogo, inausambaza ndani, halafu inautoa na wekundu, hasa kwenye ukingo wa sikio na pembe za pua. Mtazamaji hawezi kukutajia kasoro yoyote katika hayo. Atasema neno moja tu: imebandikwa.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya madoido ya picha, yaani kuongeza kwenye filamu vitu ambavyo havikuwepo mbele ya kamera, nilipewa tukio la korido ambalo mwongozaji alilipiga kwa taa za njano za kawaida, akasema mwanga wa mzuka tutaushughulikia ofisini. Kipande chenyewe kilikuwa cha sekunde nne. Tulikaa nacho wiki tatu. Mpaka leo nikikiona, naona uso wa njano umetulia tuli huku kitu cha samawati kinapita mbele yake, kama watu wawili walio kwenye nyumba tofauti.

Sasa, kwa nini avae mtu, wakati ingewezekana kubeba taa juu ya fimbo? Hapo ndipo ucheshi unapoingia. Paul Feig, mwongozaji wa ile ya 2016, anajulikana kwa kuwaachia waigizaji wabuni maneno papo hapo huku kamera zaidi ya moja zikiwaka, ili jibu la ghafla lisipotee. Mtindo huo ni mtamu kwa vichekesho na mgumu mno kwa sisi wa madoido ya picha, kwa sababu hujui sentensi itakuwa na urefu gani wala nani ataruka nyuma kwanza. Ukiwapa Melissa McCarthy, Kristen Wiig, Kate McKinnon na Leslie Jones alama ya gundi ukutani mkaiita mzuka, kila mmoja atakaza macho kwenye umbali wake. Mmoja anaangalia alama, mwingine anaangalia hewa iliyo mbele ya alama, na kwenye picha wanaonekana wanaogopa mizuka minne. Weka pale mtu mwenye uso, anayepumua, anayesubiri zamu yake: macho yote yanakutana pahali pamoja, na ile nusu sekunde ya kimya kabla ya mzaha inapatikana yenyewe. Nusu sekunde hiyo huwezi kuiongeza baadaye.

Gharama yake ipo, nisikufiche. Huyo mtu wa taa yumo ndani ya picha, na mzuka wa kompyuta unapitisha mwanga, kwa hiyo hauwezi kumfunika kama zulia. Lazima afutwe. Ndiyo maana baada ya kila tukio kamera hurudia mwendo uleule eneo likiwa tupu, ili pawe na ukuta safi wa kuziba alipokuwa. Kamera ikiwa imeshikwa mkononi, kuzilinganisha picha hizo mbili ni kilio. Ila mimi, kati ya kumfuta mtu na kuubuni mwanga usoni, nitachagua kufuta kila siku ya Mungu.

Taa za kwenye ncha za silaha zina sababu hiyohiyo, na zinafanya kazi kubwa zaidi kwa kuwa mwale wa protoni, ule unaofyatuliwa na silaha hizo, unatikisika. Uso wa anayefyatua lazima utikisike nao.

Tuje kwenye 1984. Mwongozaji Ivan Reitman na wenzake walipewa na kampuni ya filamu ya Columbia muda wa mwaka mmoja hivi, toka kuidhinishwa hadi Juni ambapo filamu ilitakiwa iwe kwenye kumbi. Ni muda mfupi kupita kiasi kwa filamu ya aina ile. Kazi ya madoido ilisimamiwa na Richard Edlund, na kompyuta ya kuchora mzuka haikuwepo. Kwa hiyo kila walichoweza kukifanya mbele ya kamera walikifanya mbele ya kamera. Kumbuka zile droo za kadi mwanzoni, kwenye maktaba: droo zinafunguka, kadi zinaruka kama kumbikumbi. Nyuma ya droo kulikuwa na mirija inayopuliza hewa. Mzuka haumo kwenye picha hata kidogo, lakini tayari umeuamini, kwa sababu kadi ni kadi na zinaanguka kama karatasi inavyoanguka. Kwangu mimi hilo ndilo doido bora kuliko yote katika filamu nzima.

Yule wa kijani, Slimer, alikuwa kikaragosi cha kuvaliwa. Ndani yake alikuwa Mark Bryan Wilson, wasaidizi wakichezesha uso, na alirekodiwa mbele ya weusi mtupu ndipo akapachikwa kwenye picha ya hoteli. Huo weusi una maana yake. Ukiweka picha mbili juu ya moja kwa mtindo wa zamani, mwanga unajumlishwa: mweusi ni sifuri, hauongezi kitu, mzuka ni namba, unaongezeka juu ya kilichopo. Sasa jumlisha mzuka na ukuta mweupe uliokwisha jaa mwanga. Hakuna pa kuongezea. Mzuka unayeyuka. Ndiyo maana mizuka inayong'aa hukaa korido za giza, handaki za treni na usiku. Woga ni sababu ya pili tu. Sheria hiyo ni kongwe kuliko sinema. Mwaka 1862 jijini London, John Henry Pepper alionyesha mzuka jukwaani kwa kuakisi mtu aliyefichwa, akaonekana kwenye kioo kikubwa cha kuonyesha upande wa pili, na mzuka ule ulionekana pale tu sehemu ya jukwaa iliyo nyuma yake ilipokuwa na giza kuliko mtu mwenyewe. Kompyuta zetu za leo zinajumlisha vilevile.

Tatizo jingine la watu wa 1984 lilikuwa chenga, zile punjepunje zinazoonekana kwenye picha ya filamu. Kupachika picha wakati ule kulimaanisha kunakili filamu kwenye filamu nyingine, na kila nakala inaongeza chenga na kupoteza makali. Wao walipiga vipande vya madoido kwenye filamu pana ya milimita 65 wakati filamu ya kawaida ni 35, ili hata baada ya kunakiliwa mara kadhaa vishuke hadi ubora wa vipande vingine na visipitilize hapo. Jicho halioni doido linapoanza na linapoisha. Hiyo ni sehemu kubwa ya hicho unachokiita kukuingia.

Na uzito. Yule jitu wa peremende laini anayetembea katikati ya majengo alikuwa mtu ndani ya vazi la sponji, kwenye mji wa vielelezo vidogo. Mtu mfupi akitembea kawaida anaonekana mtu mfupi, hata ukimzungushia maghorofa ya sentimita. Dawa yake ni kupiga kwa kasi kubwa na kuonyesha kwa kasi ya kawaida, na kasi yenyewe ina hesabu: kitu ukikipunguza mara 16, unazidisha kasi ya kamera kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani 4. Fremu 24 zinakuwa 96 kwa sekunde. Ukifanya hivyo, kipande cha ukuta kinachodondoka kinachukua muda ambao ukuta wa kweli ungechukua, na ubongo wa mtazamaji, ambao umeona vitu vikianguka maisha yake yote, unakubali. Vichekesho vingi vya kompyuta vinaanguka hapa: jitu kubwa linageuka kama paka, kwa sababu mzaha ulihitaji wepesi na hakuna aliyeuliza hilo jitu lina tani ngapi.

Walioendeleza mfululizo 2021 walilielewa hili. Jason Reitman, mtoto wa Ivan, alirudisha mbwa wa kutisha wa ile ya kwanza kama vikaragosi vya mitambo kwa matukio ya karibu, kompyuta ikichukua pale wanapokimbia. Lakini kazi nzito kuliko zote ilikuwa kumrudisha Harold Ramis, mmoja wa wawindaji wa ile ya kwanza, aliyefariki 2014, kama mzuka wa samawati. Pale seti alisimama mtu mwingine, uso ukatengenezwa baadaye, na mzuka hauongei hata neno moja. Mimi naona ukimya ule ulikuwa uamuzi wa kitaalamu na wa heshima kwa pamoja. Mdomo unaosema ndio unaofichua uso wa kutengenezwa, na marehemu hakutiwa maneno kinywani.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Nunua au azima taa ya LED ya fimbo inayobadilika rangi, chagua rangi ya mzuka wako kabla ya siku ya kurekodi na usiibadilishe tena. Taa ya chumba ipunguze mpaka fimbo ndiyo itawale uso. Funga mipangilio ya kamera yote, mwanga na rangi, isijirekebishe yenyewe, la sivyo mzuka ukiwaka kamera itatia giza chumba kizima na hutaweza kulirekebisha hilo. Weka kamera kwenye stendi, usiishike mkononi.

Mbebaji wa fimbo avae nguo nyeusi, na asiwe yeyote aliyekuwa karibu. Chagua mtu mchekeshaji anayejua kusubiri, kwa kuwa mwigizaji wako atakuwa anamjibu yeye. Mwanga na uanze kuonekana ukutani kabla mzuka haujaingia kwenye fremu. Mwigizaji ageuze kichwa kuufuata. Tafuta kitu kimoja chepesi kiguswe: pazia, ukurasa wa kitabu, kikombe kilichofungwa uzi wa kuvulia. Kimoja kinatosha, ila kisogee kabla ya mtu kuogopa, kisisogee baada. Mkimaliza, kila mtu atoke, na upige sekunde 20 za chumba kitupu kamera ikiwa palepale.

Halafu kabla hamjafungua stendi, rudisha kipande ukitazame. Kidole chako kifunike alipo mbebaji, uangalie uso na ukuta peke yake. Kama huoni kitu kimepita hapo, rudieni.