Mkwezi aliyeomba chai

Wadogo zangu mnaoanza zamu za dharura huku Tanga, majeruhi wengi wa kichwa mtaletewa na ajali za bodaboda, wachache wameanguka mnazi. Mimi somo nililipata kwa mkwezi.

Alifika saa tano asubuhi. Wenzake walisema alizimia kidogo chini ya mti, akazinduka. Alitaja jina lake, siku, hata bei ya nazi, akaomba chai. Nikamshona jeraha, nikaandika "hali nzuri", nikahamia kwa wengine. Saa saba nikamkuta anakoroma. Nikasema amechoka, alale. Mkewe akanishika koti: "Daktari, mume wangu hakoromi hivi." Nikamulika macho. Mboni ya kulia ilikuwa imetanuka, haisinyai kwa mwanga.

Damu ilikuwa inajikusanya kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo. Mtu wa namna hiyo huweza kuongea vizuri kwa saa kadhaa, kisha akazama. Tulimkimbiza rufaa. Alipona, ila mkono wa kushoto haukurudi na nguvu zake.

Kwa hiyo alama za fahamu za Glasgow (kipimo cha 3 hadi 15, ambapo 15 ni fahamu kamili) ziandikwe pamoja na saa, na zirudiwe. Aliyekuwa 15 akawa 13 hunitisha kuliko aliyekuja na 13 akabaki hapo hapo. Akifika 8, shughulikia njia ya hewa kabla ya jingine lolote. Presha ikipanda huku mapigo yakipungua, ubongo unabanwa. Ikishuka kwa mtu mzima, usikilaumu kichwa upesi, tafuta anakovujia damu: tumbo, kifua, nyonga.

Weusi nyuma ya sikio huashiria ufa kwenye kitako cha fuvu, lakini huchelewa, pengine hadi kesho yake. Majimaji yakitoka puani au sikioni usizibe kwa pamba, wala usipitishe mpira puani.

Na harufu ya pombe! Jumamosi usiku wauguzi watakwambia huyu kalewa tu. Pima sukari, linda shingo, mhesabu majeruhi wa kichwa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Ukimruhusu mtu kurudi nyumbani, usiongee naye peke yake, kesho hatakumbuka. Mwite atakayelala naye chumba kimoja: akitapika tapika, akidegedega, kichwa kikizidi kuuma, akiwa mgumu kuamka, mrudisheni hata saa tisa usiku, msingoje kuche.