Nilikaa Lindo Kabla ya Kuvaa Kombati: Majibu kwa Wasomaji

Mwezi uliopita nilieleza kwamba nilitumikia jeshi miaka kumi na minne nikatoka na ugonjwa wa kiwewe, huu ambao madaktari huuandika PTSD, na kwamba mizizi yake ilikuwa nyumbani, kwa baba aliyekuwa akitupiga mimi na mdogo wangu. Mmeniandikia wengi. Naanza na barua ambayo haiwezi kusubiri.

Afande, kuna usiku naona afadhali nisiwepo. Bastola ninayo chumbani. Sijamwambia mtu.

Ndugu yangu, mwambie mtu sasa hivi, kabla hujasoma jibu la pili. Mke, kaka, mwenzako wa kikosi, yeyote anayeweza kufika ulipo. Usizunguke, sema "nafikiria kujiua." Kisha silaha itoke kwenye nyumba hiyo, ikae kwa mtu mwingine. Hamu ya kufa hupanda kama wimbi na mara nyingi hushuka, ila mwenye bastola karibu anaweza asiwepo wakati wa kushuka. Halafu nenda hospitali, kitengo cha dharura, usiku huo huo.

Mimi nilimpigia simu mwenzangu saa nane za usiku. Hakuniuliza swali. Alikaa mezani akatoa risasi moja moja, akazitia mfuko mmoja na bastola mfuko mwingine, akabaki nami mpaka kukapambazuka. Nipo hai kwa ajili ya usiku ule. Nakusihi upige simu.

Nina miaka mitano tangu niache jeshi. Ajabu ni kwamba siioti vita, naiota nyumba niliyolelewa. Hii bado ni PTSD ya mwanajeshi?

Kaka, hata mimi nilidhani nimechanganyikiwa.

Nikiwa na miaka saba nilijua baba amerudi na hali gani kabla hajagusa kitasa. Akiwa anapiga mluzi, tulilala. Akiburura miguu, nilikuwa na muda wa kumwamsha mdogo wangu na kumficha nyuma ya kabati. Funguo zikimwanguka mara mbili, muda huo haukuwepo. Miaka kumi na moja baadaye mkufunzi akanisifu mbele ya kikosi kizima kwa masikio yangu makali nikiwa lindo. Nilijivuna, nikajiona nimezaliwa askari. Kumbe lindo nililianza utotoni, bila mtu wa kunipokea zamu.

Ubongo wa mtoto anayeishi kwa hofu hukua ukiwa umejiandaa kwa hatari. Amigdala, sehemu inayopiga king'ora, huzoea kulia upesi, na zile sehemu za kuituliza hupata kazi ngumu. Mtu huyo akienda vitani, vita vinamkuta na kidonda ambacho hakijafunga. Mwaka 1993 watafiti nchini Marekani waliwalinganisha wanajeshi waliopigana Vietnam. Kati ya wenye PTSD, 26% walikuwa wameteswa kimwili utotoni. Kati ya wasio nayo, 7%. Lilikuwa kundi dogo, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea huko huko. Wala haina maana kwamba vita havikukuumiza. Viliumiza pale pale palipokwisha kuumia.

Mbona ndoto zije sasa? Jeshini kuna ratiba, amri na uchovu wa kukulaza. Hivyo vikiondoka, vilivyofunikwa vinapata nafasi. Unapomwona daktari, mweleze na utoto wako, hata kama ameuliza vita peke yake. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, inaitambua PTSD changamani: juu ya jinamizi, kukwepa na kushtuka ovyo, mtu hushindwa kutuliza hisia, hujiona hana thamani, na hushindwa kuwa karibu na watu. Hutokea zaidi kwa walioumizwa mara kwa mara bila njia ya kukimbia, na mtoto hana pa kukimbilia.

Shikamoo afande. Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu. Nikimgusa amelala anaruka na kunikaba, halafu analia. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usimguse akiwa usingizini. Simama mlangoni au upande wa miguu, washa taa, mwite kwa jina analolizoea mpaka akujibu. Mchana, akiwa ametulia, mwambie mnahitaji msaada wa daktari, na uwe na mtu mzima mwingine pembeni yako. Analia kwa sababu anakupenda, lakini usalama wako hauwezi kungoja apone. Na hukumsababishia wewe.

Wazee wetu walipigana bila maneno haya ya kiwewe. Si udhaifu tu wa kizazi hiki?

Mzee wangu, waliumwa, ila ugonjwa haukuwa na jina hili. Mwaka 1871 daktari Jacob Da Costa aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamika mapigo ya moyo na maumivu ya kifua, na moyo ukipimwa hauna ugonjwa wa kutosha kuyaeleza. Mwaka 1915 daktari Charles Myers akachapisha habari za askari wa Uingereza wenye "mshtuko wa makombora". Jina la PTSD liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980.

Lakini nikumbushe bei ya kuuita udhaifu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake lenyewe kwa makosa kama utoro na woga. Mwaka 2006, 306 kati yao walisamehewa rasmi, wakiwa kaburini karibu miaka tisini. Siwezi kuisoma idadi hiyo nikakubali neno udhaifu.

Nimepewa miadi na mwanasaikolojia. Naogopa. Ni lazima nisimulie kila kitu?

Hapana, na ningefurahi mtu angeniambia hivyo mapema, kwa sababu hofu hii ilinichelewesha miaka sita.

Tiba zipo kadhaa. Ipo ya kuikabili kumbukumbu kidogo kidogo kwa kuisimulia mpaka ipungue makali. Hiyo kweli inadai usimulie. Ipo EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987, ambapo unaishika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu, na hulazimiki kuieleza kwa kirefu. Na ipo ya kuchambua fikra, kwa kawaida vikao kama kumi na viwili, ambayo kazi yake kubwa ni yale uliyojiambia baada ya tukio. Hii ndiyo niliyopitia.

Siku ya kwanza niligeuza kiti kikatazama mlango. Mwanasaikolojia akahamisha cha kwake bila neno, tukaendelea. Akanipa kazi ya kuandika kwa nini ninadhani yale mambo yalitokea. Niliandika ukurasa mmoja kuhusu mwenzangu aliyekufa tukiwa doria. Wiki kadhaa baadaye nikaandika mwingine, kuhusu usiku ambao sikupata muda wa kumficha mdogo wangu. Aliziweka karatasi mbili mezani, bega kwa bega, akaniomba nisome mstari wa mwisho wa kila moja. Ulikuwa mstari ule ule: "Ningekuwa macho zaidi, asingeumia." Mmoja uliandikwa na sajini, mwingine na mtoto wa miaka saba, na mwandiko ni mmoja. Akauliza, "Yule mtoto alipaswa kufanya nini?" Nililia kikao kizima. Lawama ya sajini ilianza kulegea siku ile, kwa kuwa hatimaye niliona ilikotoka.

Kwa hiyo nenda. Mwambie hasa unachokiogopa. Na usiposikilizana na mtaalamu wa kwanza, tafuta mwingine. Kutosikilizana naye si dalili kwamba huponi.

Vipi dawa? Nilipewa vidonge vya kutuliza wasiwasi na sasa silali bila hivyo.

Usiviache kwa ghafla, ni hatari. Rudi kwa daktari akupunguzie taratibu. Vidonge vya jamii ya diazepamu havipendekezwi kama tiba ya PTSD, na ukivichanganya na pombe vinaweza kukuzimisha pumzi. Dawa kama sertralini na paroksetini huwasaidia wengi. Muulize kuhusu hizo.

Lazima nimsamehe baba ndipo nipone?

Si sharti. Mimi sijamsamehe, na usingizi umerudi.

Juzi nilimnyanyulia mkono mwanangu wa miaka sita. Sikumpiga, lakini nimeyaona macho yake. Je, nimeshakuwa baba yangu?

Barua hii nimekaa nayo siku tatu, kwa sababu nami nimewahi kufika hapo. Jioni moja nikiwa nje ya mlango nilisikia kicheko cha mwanangu kikikatika. Nilikuwa bado natafuta ufunguo. Nikajua amejifunza hatua zangu.

Baba yangu hakuwahi kujiuliza swali lako. Ila swali peke yake halitamlinda mtoto. Leo piga magoti uwe sawa naye kwa kimo, umwambie: "Nilikosea. Wewe hukufanya kosa la kukufanya uogope. Natafuta daktari wa kunisaidia." Usimwombe akufariji. Mwambie na mama yake, au mtu mzima anayemwamini, mkubaliane kwamba hasira ikipanda wewe ndiye unayetoka chumbani, siyo mtoto. Na ukihisi huwezi kujizuia, lala kwingine mpaka upate msaada.

Yeye atapima kwa masikio, wala usimharakishe. Wangu alichukua miezi. Nilianza kumwita jina nikiwa bado nje, kila jioni, kabla ya kutia ufunguo. Mwanzoni alinyamaza. Baadaye akawa anajibu.