Usizifunge jenereta zote mbili kwenye 50 kamili

Mkuu wa Bagamoyo, weka bisibisi chini kwanza. Umeuliza jenereta ya pili ya kiwanda chako cha barafu iwe ya gesi au ya dizeli, halafu unasema fundi kakushauri uziseti zote hezi 50 kamili (mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde) "ili umeme utulie". Hapo kwenye kuseti ndipo nilipoungulia mimi.

Kiwandani kwetu hapa Tanga, karibu na Deep Sea, fundi wa waliotuuzia alizifunga jenereta zetu mbili kwenye mizunguko 1500 kwa dakika isiyocheza, akaunganisha, akaondoka. Lakini gavana mbili, yaani vile vifaa vinavyoongeza na kupunguza mafuta ili injini ishike mzunguko, hazilingani sawasawa hata siku moja. Iliyo juu kidogo ikaona mzunguko unashuka, ikaongeza mafuta. Iliyo chini ikaona umezidi, ikapunguza. Hazikomi! Mwisho moja ikabeba mzigo wote, nyingine ikawa inasukumwa na mwenzake kama mota.

Kilichotuponza ni mita ya ampea. Mshale ulisimama pazuri, tukajua zote zinafanya kazi. Ampea haikwambii umeme unatoka au unaingia. Mita ya kilowati ilikuwa chini ya sifuri na hakuna aliyeitazama. Kompresa ya pili ilipowashwa, iliyobeba ikazidiwa, ikajizima. Ile nyingine ikatupiwa mzigo wote kwa mkupuo, mpira wa kapulingi, kiungo cha injini na jenereta, ukapasuka, vipande nikaviokota hadi pembeni mwa tangi la maji ya chumvi. Barafu yote ikayeyuka. Samaki wa watu walioharibika nililipa mimi.

Nilimpigia yule fundi, akanijibu "umeme wa gridi mchafu". Gridi ipi, na siku hiyo tulikuwa tumejitenga nayo? Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Sasa sikia. Ziachie gavana zishuke kidogo mzigo ukipanda. Kwa mteremko wa asilimia 4, jenereta tupu inazunguka 1560, yaani hezi 52. Ikijaa mzigo inafika 1500, hezi 50. Zikiwa na mteremko mmoja, kila moja inachukua fungu lake. Hata mitambo ya gesi ya Kinyerezi haigombanii 50 kila mmoja kivyake. Ukitaka 50 isiyocheza, moja tu ndiyo iishike na nyingine iwe na mteremko, la sivyo nunua kidhibiti cha kuzigawia mzigo. Na rilei ya kukata umeme unaporudi nyuma ifungwe kabla hujaunganisha chochote.

Leo usiwashe. Piga picha seti za gavana zote mbili, ziweke hapa nizione.