Leni ya kubebana California: tulikuwa wawili garini na bado nikapigwa faini

Dadangu, umeuliza mambo mawili. Unahamia California Januari kwa dada yako, na utakuwa ukimpeleka mtoto wa miezi minne kliniki: je, wewe na mtoto mnatosha kuingia leni ya kubebana, ile iliyotengewa magari yenye watu zaidi ya mmoja? Na je, kwa vile gari la dada yako ni la umeme, unaweza kupita hapo ukiwa peke yako?

La kwanza, ndiyo. La pili, hapana, siku hizi. Waliokwambia gari la umeme linapita tu walikuwa sahihi hadi tarehe 30 Septemba 2025, siku ambayo mpango wa zile stika zilizoruhusu magari ya umeme kupita yakiwa na dereva peke yake ulifika mwisho. Ukiziona bado zimebandikwa kwenye bampa za watu, hizo sasa ni mapambo.

Sasa acha nikueleze lile ambalo hukuuliza, maana ndilo lililonigharimu.

Niliishi huko miaka sita nikifanya kazi ya kulea wazee zamu ya usiku. Nyumbani ni Fontana, kazini ni Pasadena, na barabara ni ile ya 210. Nilikuwa nambeba mama mmoja wa Tanga tuliyefanya naye kazi, mtu wa makamo, ambaye akishafunga mkanda tu kiti cha nyuma husinzia hadi tufike. Pale leni ya kubebana inataka watu wawili kwenda juu, dereva akihesabiwa, na inafanya kazi saa 24. Kwa hiyo sisi tulikuwa halali kabisa. Tulipita magari mamia yaliyosimama, nami nikajiona mjanja.

Jioni moja ya Desemba, giza limeshaingia, nikakumbuka nimekaribia kutokea Lake Avenue na mimi bado niko kushoto kabisa. Kumbuka kule wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo leni ya kubebana iko kushoto, ukutani, na pa kutokea pako kulia, mbali. Kati ya leni yangu na zile nyingine palikuwa na mistari miwili mieupe isiyokatika. Nikafanya kile ambacho dereva yeyote wa Nairobi angefanya pale Roysambu: nikawasha indiketa, nikaona nafasi, nikachomeka. Sijafika leni ya pili, taa za bluu na nyekundu zikajaa kwenye kioo.

Nilisimama pembeni. Kwa mazoea ya nyumbani nikaanza kufungua mlango nishuke nikaongee na afande kistaarabu. Sauti ikatoka kwenye kipaza sauti, kali, nikarudi ndani kama mtoto. Tafadhali usije ukajaribu hilo. Kule unabaki kwenye kiti, unateremsha kioo, mikono juu ya usukani, unangoja.

Askari akaja, akamulika tochi kiti cha mbele, kisha cha nyuma. Nikawahi kumwambia tuko wawili. Akasema amemwona mama, idadi yetu iko sawa. Alichonisimamishia ni mistari. Wakati huo mama akaamka, akafuta uso kwa kanga, akaniuliza, "Mwanangu, kwani tumeshafika?"

Nililipa. Kiasi sisemi, maana mke wangu husoma humu.

Kwa hiyo vichwa, yaani idadi ya watu garini, visikusumbue sana, hivyo ni hesabu ya chekechea. Mistari ndiyo ya kusoma. Palipo na mistari miwili isiyokatika huingii wala hutoki, hata kama umepitwa na pa kutokea. Unasubiri ule wa vipandevipande, ndio mlango. Ukipitwa, umepitwa: endelea, tokea mbele, geuza, rudi. Dakika kumi zitapotea, ni rahisi kuliko faini. Mimi baadaye nilijiwekea desturi ya kutoka kwenye leni ile kama maili mbili kabla ya Lake Avenue, mama akiwa bado anakoroma.

Kuhusu vichwa vyenyewe. Mtoto anahesabiwa hata akiwa wa wiki moja, mradi amekaa kwenye kiti chake na kufungwa ipasavyo. Kiti cha mtoto mchanga hutazama nyuma, kwa hiyo askari anayepita anaweza kuona mtu mmoja tu, wewe. Akikusimamisha, mwache achungulie, akiona miguu midogo atakuacha uende. Mbwa hahesabiwi. Sanamu la dukani lililovishwa kofia pia halihesabiwi, ingawa watu hujaribu kila mwaka. Mimba nayo haihesabiwi kule California. Kuna mama mmoja Dallas, jimbo la Texas, aliyesimamishwa 2022 akiwa na mimba ya wiki 34 akadai aliye tumboni ni mtu wa pili. Faini yake ilifutwa baadaye, lakini hiyo ni Texas. Ukikamatwa California ukiwa peke yako kwenye leni hiyo, faini inaanzia dola 490. Zibadilishe kwa shilingi ndipo uamue kama una haraka kweli.

Pikipiki yenye mtu mmoja inaruhusiwa. Gari linalovuta trela haliruhusiwi, hata likiwa na watu kumi.

Kingine kinachowachanganya wageni ni kwamba kaskazini na kusini mwa jimbo hilohilo hazifanani. Kusini, Los Angeles na kandokando yake, leni nyingi ni za saa zote, na mistari ndiyo inayotawala. Ukienda pande za San Francisco, nyingi ni za saa za msongamano tu, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi na jioni, na nje ya saa hizo kila mtu anapita. Huko tena kuna sehemu zinazotaka watu watatu, kama barabara ya 80. Usikariri nilichokwambia. Soma kibao kilicho juu ya leni: kitakuwa na alama ya almasi, ile ya uru kwenye karata, kisha idadi ya watu, kisha saa. Kiandikwe CARPOOL au HOV, ni kitu kilekile. Alama hiyo ya almasi utaiona pia imechorwa kwenye lami yenyewe.

Halafu kuna leni za kulipia ambazo zinafanana na hizi lakini si hizi. Humo mkiwa wengi mnaweza kupita bure au kwa punguzo, lakini lazima gari liwe na kifaa cha FasTrak, kile cha kulipia barabara, kwenye kioo, kile chenye kitufe cha kuchagua 1, 2 au 3. Muulize dada yako kama anacho, na kabla hujaondoka hakikisha kitufe kimesogezwa kwenye 2. Mkiwa wawili na kitufe kiko kwenye 1, kamera haikuonei huruma, inatoza. Na ukiingia bila kifaa na gari la kukodi, bili itakufuata kupitia waliokukodisha, nao huongeza ada yao.

Haya, sasa nimjibu ndugu aliyedakia kwamba kitu hiki kiletwe Thika Road, hapa kwetu Nairobi, kesho asubuhi.

Ndugu, tulishachora mstari pale. 2018 leni ya ndani ilipigwa rangi nyekundu iwe ya mabasi ya mwendo kasi. Tulipita juu ya rangi hiyo siku ileile, matatu, Probox, lori la mchanga, wote. Rangi ilififia kabla basi halijaja. Na Expressway, ile barabara yetu ya kulipia, ilipofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikatoza kwa aina ya gari na umbali. Gari dogo lenye mtu mmoja na gari dogo lililojaa watano hulipa sawa. Hakuna pale panapomtambua anayebeba wenzake.

Halafu fikiria sheria kama hiyo ingekuwaje pale Githurai, kando ya Thika Road. Jakarta, Indonesia, walikuwa na sheria ya watu watatu kwa gari katika barabara kubwa, zaidi ya miaka 20, hadi 2016. Unajua kilichotokea? Vijana na akina mama walisimama kando ya barabara wakikodisha vichwa vyao. Waliitwa joki. Mama mwenye mtoto mgongoni alipendwa zaidi kwa sababu ni vichwa viwili kwa mpigo. Sisi tungewashinda Jakarta kwa wiki moja, na makanga wangekuwa ndio mawakala. Lakini cha kushangaza, sheria ilipofutwa, watafiti walipima na kukuta msongamano umekuwa mbaya zaidi, hata kwenye barabara ambazo hazikuwahi kuwa na sheria hiyo. Kwa hiyo pamoja na joki wake wote, ilikuwa inasaidia. Hilo ndilo linalonifanya nisikucheke moja kwa moja.

Mfano mzuri zaidi ninaoujua ni wa jimbo la Virginia, kandokando ya jiji la Washington. Wale wana leni za kubebana tangu miaka ya 1970, na watu wasiojuana hupanga foleni mahali maalumu kama tunavyopanga stejini. Gari linakuja, dereva anataja anakoenda, wawili wanaingia, safari. Hakuna nauli. Hakuna anayemwongelesha mwenzake bila sababu. Dereva anapata leni, abiria wanapata lifti, wanaachana bila kujuana majina. Hapa kwetu sehemu ngumu ni hiyo ya kunyamaza.

Mimi nilivyorudi nilianza yangu hata bila leni. Tunatoka Juja wanne kwa gari langu. Hatutozani nauli, na hilo nalisisitiza, maana ukianza kutoza unakuwa matatu isiyo na leseni, na siku ya ajali bima itakuuliza maswali ambayo huna majibu yake. Tunapokezana kujaza mafuta: Jumatatu mimi, Jumanne mwalimu, Jumatano yule wa benki, na kadhalika. Jam tunakaa kama kawaida, sidanganyi mtu, ila gharama yangu ya mafuta imeshuka karibu robo tatu, na magari matatu yamebaki nyumbani.

Nafasi moja ya nyuma itakuwa wazi kuanzia mwezi ujao kwa sababu mwalimu amehamishwa. Tunaondoka saa 11:45 alfajiri, hatungojani zaidi ya dakika tatu, na yule wa benki hula mandazi garini. Anayeweza kuvumilia aniandikie faraghani.