Penseli ya kale iandike

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: kitu cha kale unachokikusanya, kitumike au kifungiwe kabatini? Mimi nakusanya penseli za kuzungusha, zile ambazo ukizungusha kichwa, risasi hutokeza nchani. Jibu langu ni kwamba zitumike.

Penseli hizi ni mashine, na uzuri wake umo ndani. Chukua Eversharp iliyotengenezwa na kampuni ya Wahl, Chicago, miaka ya 1920. Ndani yake mna skrubu inayosukuma risasi kidogo kidogo, na tundu la ncha limechongwa vifereji ili risasi ishikwe, isizungukezunguke wakati unaandika. Ukiiweka nyuma ya kioo utaona mwili wake tu. Ukiishika ukaandika nayo barua, ndipo utakapojua kwa nini watu waliipenda.

Nyingi hutupwa eti zimekufa, kumbe kipande cha risasi kimekwama nchani. Kisukume taratibu kwa waya mwembamba wa shaba. Sindano ya chuma msiitumie kabisa, itakwangua vifereji na hapo ndipo penseli itakapokufa kweli. Kisha tafuteni risasi nene ya milimita 1.18, ambayo hadi leo inauzwa. Hii ya 0.5 iliyozoeleka madukani itapwaya na kudondoka.

Kutumia si kusugua, lakini. Naumia sana nikiona penseli ya fedha imeng'arishwa hadi mihuri iliyogongwa juu yake imefutika, maana mihuri hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya penseli ya namna hii Uingereza mwaka 1822, kisha Mordan akaingia ubia na Gabriel Riddle. Ukikuta herufi SM na GR pamoja, umeshika kazi ya wakati wa ubia huo, ambao haukuvuka miaka ya 1830. Muhuri wa simba anayetembea unathibitisha fedha, na herufi ya mwaka, yaani herufi iliyogongwa kuwakilisha mwaka fulani, inakupa tarehe. Kitambaa laini kikavu kinatosha kuifuta. Wacheni weusi ukae kwenye nakshi.

Ninayoitamani kuliko zote ni ya Hayakawa Tokuji, aliyoibuni Tokyo mwaka 1915. Tetemeko la 1923 liliteketeza kiwanda chake na kumwondolea mke na watoto wawili. Alihamia Osaka akaanza upya, akaingia kwenye redio, na kampuni yake ndiyo Sharp ya leo, iliyobeba jina la penseli ile. Nikiipata nitaitia risasi siku hiyo hiyo.

Ninazozipumzisha ni zile tu za seluloidi, plastiki ya zamani, iliyoanza kupasuka. Hizo kila ukizungusha kichwa ufa unapanda, na hakuna gundi niliyoiona ikiuzuia.